Bedford ya Thelathini na Tano

Kosa langu lilikuwa kupokea simu sebuleni wakati mama mkwe amekaa pale pale anachambua mchicha.

Aliyepiga ana meza ya mitumba Arusha, upande wa Kilombero. Kila akifungua belo la vitu vya watoto akakuta kigari cha chuma, ananitafuta. Ukweni hawajui kama mkwe wao, mtu mzima mwenye ndevu, anakusanya malori ya kuchezea, na mimi sijawahi kuona sababu ya kuwaambia. Kwa hiyo mama alisikia upande wangu tu wa maongezi:

"Bedford? Una hakika ni Bedford? ... Rangi gani? ... Damu ya mzee! Usimwonyeshe mtu! ... Bodi haijagongwa? ... Na magurudumu? ... Basi thelathini na tano, tumemaliza. Natuma sasa hivi."

Elfu thelathini na tano, jamani. Ila mjini hapa nani anahangaika kutamka "elfu"? Na nani anatamka "milioni" akinunua lori?

Mama hakusema neno. Ila jioni ile nilipakuliwa nyama kama mgonjwa aliyetoka kulazwa, na chai nikaongezewa bila kuomba. Nikajua tu nimependwa.

Niwaeleze kidogo huo ugonjwa wangu. Kiwanda cha Lesney cha London kilianza kutoa vigari vya Matchbox mwaka 1953, vidogo vya kuingia kwenye boksi mfano wa kiberiti. Namba 17 ya mwanzo ni Bedford ya kuhamishia vyombo vya nyumbani. Ya kijani zipo za kutosha. Mimi ninazo mbili, moja niliikuta Memorial, soko la mitumba hapa Moshi, chini ya rundo la viatu vya shule. Ya damu ya mzee ndiyo shida kuipata. Halafu kuna magurudumu: kwanza walifunga ya chuma, baadaye yakaja ya plastiki ya kijivu. Unaweza kuona ni ujinga, lakini sisi tunaoumwa huu ugonjwa tunaweza kukosa usingizi kwa sababu ya gurudumu lenye ukubwa wa punje ya dengu.

Na kwenye simu jamaa alisema magurudumu ni ya kijivu. Kuna kitu moyoni kikaniambia damu ya mzee ni ya enzi za magurudumu ya chuma. Nikakiambia kinyamaze.

Jumamosi asubuhi nikaenda stendi, konda akanipa kifurushi, nikakitia mfuko wa shati nikarudi Majengo napiga mluzi. Kufika getini nakuta kadamnasi. Wazee wawili wamekalia benchi langu, katikati yao ndoo ya mbege. Vijana wawili, utingo kabisa kwa kuwaangalia, wamekalia turubai lililokunjwa na kamba bunda zima. Na mjomba wa mke wangu kashuka kutoka Kibosho, kavaa kofia yake ya safari. Huyu mzee ameendesha malori ya Moshi na Dar tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Kiko wapi?"

"Nini mjomba?"

"Chombo! Umekiacha stendi? Mama yako ametuambia, tumefurahi sana. Mikungu mia na ishirini ya mshare imekatwa tangu jana. Tunazindua na tripu ya hapo sokoni, Dar tutaenda wiki ijayo."

Nilimtazama mke wangu. Naye akanitazama mimi, na nikaona ameelewa, maana aliingia ndani mbio akifunika mdomo kwa khanga.

Ningeweza kudanganya kwamba lori limeharibikia Boma Ng'ombe. Mpaka leo sijui kwa nini sikufanya hivyo. Nilitia mkono mfukoni, nikaitoa Bedford, nikaiweka kwenye kiganja.

Kimya. Mbege tu ndiyo ilikuwa inachemka kwenye ndoo.

Utingo mmoja, kijana mwenye adabu zake, akauliza, "Hili linabeba tani ngapi, bro?"

Mama mkwe alikuwa amekaa chini. Nikajaribu kumwokoa, na kujiokoa. Nikamwambia, mama, hivi vitu vina heshima yake. Jack Odell, mmoja wa wenye kile kiwanda, alimtengenezea bintiye kigari kidogo kwa sababu shuleni kwao kichezeo kiliruhusiwa tu kikiingia ndani ya kiberiti, na biashara yote ikaanzia hapo.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa. Lakini huyo alikuwa mtoto."

Mjomba ndiye aliyenyoosha mkono. Akavaa miwani, akaipindua Bedford miguu juu, akaanza kuikagua kama anavyokagua Scania ya mnada: chini kwanza, bodi baadaye. Akasogea kwenye jua.

"Umesema ni rangi yake ya kiwandani?"

"Ndiyo mjomba."

"Mbona rangi imeingia mpaka kwenye ncha za ekseli? Kiwandani wanapiga rangi kabla ya kufunga miguu." Akapitisha ukucha ndani, juu ya gurudumu la nyuma, mara moja tu, akanirudishia. Palipochubuka palikuwa kijani kibichi kama mgomba. "Na ubavuni palikuwa na maandishi, yamefukiwa. Hii imepakwa, baba. Umepigwa."

Miaka sita nakusanya, naangalia kwa lenzi. Mzee ametumia ukucha.

Sasa ikabaki mikungu. Mshare ukishakatwa hausubiri aibu yako iishe. Ikabidi nikodi Kirikuu, tripu mbili, elfu sabini, yaani bei ya Bedford mara mbili, na pesa ikatoka mfuko ule ule. Mjomba alipanda mbele, akaniomba kile kigari, akakisimamisha kwenye dashibodi kikitazama barabara.

"Na chenyewe kione kazi," akasema, akafunga mlango.

Mbele palikuwa pamejaa. Nilipanda nyuma, juu ya ndizi, na wale utingo.