Acheni Périchole aongee Kiswahili cha kwetu

Kuna watu wamekasirika hapa mjini, si wengi lakini sauti zao ziko juu, kisa ni trupe moja ya watu wa kawaida wa Lubumbashi, waimbaji wa makorale ya parokia, walimu wachache, fundi wa nguo, vijana wa chuo, ambayo imeamua kucheza La Périchole, opereti ya Jacques Offenbach, na kuweka sehemu zote za kuongea kwa Kiswahili, tena Kiswahili chetu cha Lubumbashi, si kile cha vitabuni. Nyimbo zimebaki kwa Kifaransa. Wanaokasirika wanasema huko ni kuharibu kazi ya mtu, opereti ni kitu cha Paris, kama huwezi kuicheza kama Paris basi iache. Mimi nasema hapana. Na nasema hivyo juu nimekaa kwenye repetisyo zao, yaani mazoezi, tangu mwanzo, nimeshika karatasi za maneno, kazi yangu ni kumnong'oneza aliyesahau, kwa hiyo ninachotetea nimekisikia na masikio yangu.

Tuelewane kwanza juu ya opereti yenyewe. Kwenye opera ya kawaida karibu kila kitu kinaimbwa, hata mtu akiomba maji anaimba. Opereti siyo hivyo. Watu wanaimba, wanaacha, wanaongea kama mimi na wewe, wanagombana, wanadanganyana, halafu muziki unawachukua tena. Kichekesho kiko palepale kwenye kuongea. Sasa mama anayeuza lengalenga kwenye soko ya Kenya, komini ya hapa mjini, anaelewa Kifaransa cha karatasi ya shule ya mtoto wake na cha tangazo la komini, lakini akicheka anacheka kwa Kiswahili. Ukimwekea maongezi yote kwa Kifaransa cha mwaka 1868 umemwachia muziki tu, nusu nyingine umempokonya, na yeye alilipa kiingilio kizima.

Halafu angalieni hadithi yenyewe. Périchole na Piquillo ni waimbaji wa barabarani mjini Lima, nchi ya Peru. Wanapendana, wanataka kuoana, hawana hata pesa ya kulipa karatasi za ndoa. Wanaimba uwanjani, wanapitisha sahani, hakuna anayetupa kitu, na pale watu wanapoanza kulegea mkono inapita sarakasi na wanyama wake, umati wote unaikimbilia. Piquillo anaenda kutafuta bahati sehemu nyingine, Périchole analala chini ili asisikie njala. Hapo njo makamu wa mfalme, mkubwa wa nchi yote, anamuona, anampenda, anamuahidi kazi kwenye jumba lake na chakula. Anakubali juu ya njala, anaandika barua ya kumuaga Piquillo. Niambieni nyie, hii hadithi ni ya mbali? Hapa kuna kijana gani hajasikia barua ya namna hiyo, iwe imekuja kwa karatasi au kwa WhatsApp?

Na sasa nije kwenye hoja ambayo sijamsikia mtu akiijibu. Wanasema tuheshimu asili. Asili ipi? Périchole amechotwa kwa mwanamke aliyeishi kweli, Micaela Villegas, mwigizaji wa Lima wa karne ya 18, aliyekuwa mpenzi wa Manuel de Amat, makamu wa mfalme wa Uispania kule Peru. Mwanamke huyo aliongea Kispanyola. Mfaransa Prosper Mérimée akachukua habari yake akaitungia mchezo, kisha Henri Meilhac na Ludovic Halévy wakatengeneza maneno ya opereti, na Offenbach, ambaye mwenyewe alizaliwa Köln kule Ujerumani mwaka 1819, akatia muziki. Tarehe 6 Oktoba 1868 kwenye Théâtre des Variétés ya Paris watu wa Lima wakatokea jukwaani wanaongea Kifaransa cha Paris, na utani wa Paris, na mtu wa kwanza kuimba Périchole, Hortense Schneider, alikuwa staa wa mji ule. Hakuna aliyesema wameiharibu Lima. Walichukua hadithi ya watu wengine wakaiongea na mdomo wao ili watu wao wacheke, na njo maana ilishika. Trupe yetu imefanya kitu kilekile. Kama kuna njia ya kumheshimu Offenbach ni hiyo.

Wengine wanakuja na hoja ya umaskini, eti bila orkestra kubwa na kostimi za hariri ni aibu. Hawa nawaomba wasome historia. Offenbach alipofungua teatri yake ndogo, Bouffes-Parisiens, mwaka 1855, ruhusa ya serikali ilimbana, ilimruhusu vichekesho vifupi vya watu watatu tu wenye kuongea na kuimba, baadaye kidogo wanne. Ukumbi ulikuwa mdogo sana. Ilibidi asubiri mpaka 1858 ndipo aweze kujaza jukwaa na watu wengi kwenye opereti yake Orphée aux Enfers. Kwa hiyo opereti za huyu mtu zilianzia kwenye kubanwa, watu wachache, chumba kidogo, akili nyingi. Sisi tuna kinanda kimoja cha umeme, gitaa, tarumbeta mbili na filimbi za vijana waliofundishwa kwenye fanfare ya kanisa la Wakimbangu, na waimbaji ambao kila Pasaka wanaimba Aleluya ya Händel bila maikrofoni na kanisa linajaa sauti mpaka mlangoni. Wengi wao hawajui kusoma noti za mistari, wanasoma solfa, do re mi zimeandikwa na kalamu kwenye fotokopi, na wanashika sehemu zao vizuri sana. Sioni aibu iko wapi hapo.

Ngoja niwaeleze kitu kimoja nilichokiona, juu bila hicho mtadhani naongea nadharia tu.

Ni ile barua. Kwa Offenbach Périchole anaiimba, moja kwa moja, ni wimbo mfupi na wa pole, nadhani ndio mzuri kuliko zote kwenye mchezo huu. Mwongozaji wetu akaamua kwamba kabla ya kuiimba kwa Kifaransa, binti akae chini kwenye ndoo iliyogeuzwa aiandike huku anaitamka polepole kwa Kiswahili, na maneno akaachiwa ayatafute mwenyewe. Siku ya kwanza alijaribu akakwama. Siku nyingine akaja na haya: "Piquillo, nakupenda, Mungu anajua. Lakini leo hatukulya, jana hatukulya, na habapikake mapendo mu nyungu." Yaani mapenzi hayapikwi kwenye chungu. Pembeni walikuwa wamekaa mamama waliokuja kuchukua watoto wao, hawakuwa hata wanaangalia, wanamenya karanga. Mmoja akanyanyua kichwa akasema kwa sauti, "Ni kweli, mwanangu, enda zako!" Mwenzake akamkatiza palepale, "Aende wapi? Ule ni bwana yake, njala inapitaka!" Wakaanza kubishana wao kwa wao, huyu anamtetea Piquillo, yule anamtetea binti, repetisyo ikasimama. Na binti alipoanza kuimba kwa Kifaransa wale mamama walifuata kila sauti ya ule wimbo, juu sasa walishajua ndani yake kuna nini. Hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria, ugomvi walikuwa nao tayari.

Kwa hiyo mtu akiniambia Kiswahili kinashusha muziki, mimi nimeona kinaufungulia mlango.

Nikubali pia upande wa pili, juu uko na ukweli wake. Kuna waliotaka hata nyimbo ziimbwe kwa Kiswahili, na tulijaribu mbili tatu. Hazikukaa. Kifaransa kinaweka uzito mwisho wa neno, Kiswahili kinaweka kwenye silabi ya kabla ya mwisho, na Offenbach alikata muziki wake kufuata mdomo wa Kifaransa, sasa ukiweka maneno yetu juu yake yanavutwa pabaya, "chakula" inakuwa "chakulaaa" na mwimbaji anaonekana kama hajui lugha yake. Mtu wa kuifanya kazi hiyo vizuri anatakiwa ajue muziki na ushairi vyote viwili, na achukue muda. Nyimbo zibaki kwanza zilivyo. Lakini kuongea hakuna noti inayotubana, kwa nini tujifunge?

Na tusijifanye kama tunaanza kitu kipya. Mji huu una kundi la Mufwankolo, watu wamekua wakisikia vichekesho vyao kwenye redio na televizyo kwa Kiswahili cha hapa hapa. Mtafiti Johannes Fabian aliwafuata mwaka 1986 akaandika kitabu kizima juu ya jinsi walivyokuwa wanatengeneza mchezo, bila maneno yaliyoandikwa, wanakaa, wanajadiliana, kila mtu anatafuta la kusema mpaka mchezo unasimama. Binti wetu na barua yake amefanya kazi ileile. Upande wa muziki tuna Joseph Kiwele, aliyetunga La Katangaise, wimbo wa taifa la Katanga wakati ule, na pale Kamina mwaka 1958 iliimbwa Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mtindo wa kwetu, ambayo dunia yote iliisikia. Kuimba kwa sauti nne na kuchekesha kwa Kiswahili vyote viko nyumbani, kilichobaki ni kuvikutanisha jukwaa moja.

Sasa kuna jambo ambalo linanitia wasiwasi zaidi kuliko hao wenye hasira. Ni watu wa ndani, wenye nia njema, wanaoshauri tupunguze ile sehemu ya kwanza.

Mchezo unaanza siku ya sikukuu ya makamu wa mfalme. Yeye anajibadilisha nguo atembee uwanjani asikie watu wanasema nini juu ya utawala wake. Ila gavana wa mji ameshapanga kila kitu, kinywaji kimegawiwa bure, watu wameambiwa wafurahi, na wote wanamtambua ila wanajifanya hawamjui. Kwa Kiswahili trupe imeifanya hivi: mkubwa anakuja na kofia ya majani anauliza, "Bamama, maisha iko namna gani huku?" na uwanja mzima unajibu kwa pamoja, "Muzuri sana, papa! Bunga bei ilishuka, mayi iko, kuran iko, batoto beko banasoma!" (kuran ni umeme). Kila mara tukifika hapo waimbaji wenyewe wanashindwa kuzuia kicheko. Na ndiyo hiyo baadhi wanataka itolewe, eti mtu atajisikia amesemwa, tutanyimwa ukumbi.

Nawaelewa, wana familia, na ukumbi ni mgumu kupata. Lakini ukiitoa sehemu hiyo mchezo unakufa. Périchole anakuwa tu msichana aliyemwacha mchumba wake kwa tajiri, na hadithi inageuka ya kumlaumu mwanamke maskini. Ile sehemu ya mwanzo njo inaeleza njala imetoka wapi: mji mzima umeambiwa useme umeshiba. Hata lile gereza la mwishoni, gereza la waume wakaidi, halina maana bila huo mwanzo. Piquillo ameleweshwa akaozeshwa mwanamke hamjui ni nani, kumbe ni Périchole mwenyewe, juu sheria ya jumba inataka mwanamke awe na mume, na kesho yake akikataa kumkabidhi mke kwa mkubwa anatupwa ndani. Kuna mzee mule amechimba ukuta miaka 12 na kisu kidogo, huyo Offenbach alimwongeza baadaye, mwaka 1874. Hiyo ni hadithi ya watu waliobanwa, na mwaka 1868 Offenbach aliichezesha Paris chini ya utawala wa Napoleon III, mfalme akiwa hai, na ikapita. Isitoshe makamu wa mfalme mwenyewe hakufanywa shetani, mwishoni anawasamehe na kuwaachia waende na vito alivyompa binti. Mkubwa mwenye moyo atakaa kwenye kiti chake atacheka na wengine.

Kuhusu ukumbi, mnajua hali. Ile teatri kubwa ya mji iliyojengwa miaka ya 1950, leo tunaiita Bâtiment du 30 juin, inakaa bunge la jimbo. Halle de l'Étoile, ukumbi wa Institut français, ni pazuri na ningependa wacheze pale siku moja. Lakini msianzie sentavili, katikati ya mji. Anzieni Kenya, halafu Katuba, halafu Ruashi, kwenye sali za mashule na za parokia, jumapili saa tisa mchana ili watu wamalize na jua bado liko, mtu arudi kwake kwa miguu bila kulipa taksi. Kiingilio kiwe cha bei ya mkate. Na viti vya mbele msiandike majina ya wakubwa, wawekeni wale mamama wa karanga, juu wao wameshaanza kazi ya kujibu jukwaa na waigizaji wameshazoea kuwasikiliza.

Bado tunatafuta bass, mwimbaji wa sauti nzito, wa kumcheza yule mzee wa gerezani, aliyekuwepo amepata kazi Kolwezi. Hahitaji kujua noti, solfa inatosha, ila Kiswahili chake kiwe cha kwetu. Repetisyo ni jumamosi baada ya saa nane.