Msaada wa chakula: mwizi yupi tunamsaka?

Kadi ya SNAP, mpango wa serikali ya Marekani wa msaada wa chakula uliokuwa na walengwa zaidi ya milioni 40 mwaka 2024, hujazwa mara moja kwa mwezi. Mama anafika kaunta, anapitisha kadi, anabonyeza namba ya siri, na mashine inamjibu: salio sifuri. Fedha zimechotwa usiku, punde tu zilipoingia. Kuna mtu alibandika kifaa cha kunakili juu ya mashine ya malipo dukani, akanasa taarifa zake na kutengeneza kadi pacha. Si kazi ngumu, maana kadi nyingi za SNAP bado zinategemea ukanda wa sumaku wakati za benki zilishahamia kwenye chipu. California imeanza kutoa zenye chipu mwaka 2025.

Mwizi huyo hatajwi sana kwenye majukwaa ya siasa. Anayetajwa ni mwombaji mwongo, na dawa inayopendekezwa ni fomu zaidi na uhakiki zaidi.

Wanaopendekeza hivyo wana hoja. Hizi ni kodi za watu, na ulaji upo. Mwenye duka anapitisha kadi kwa bidhaa hewa za dola 100, anampa mwenye kadi, tuseme, dola 50 taslimu, nyingine anazitia mfukoni. Ila mchezo huo umebanwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, enzi za kuponi za karatasi, Wizara ya Kilimo, inayosimamia mpango huu, ilikadiria kwamba karibu senti 4 za kila dola zilipotea hivyo. Kadi zilipoenea nchi nzima, makadirio yalishuka hadi senti moja na ushei. Kadi huacha nyayo: kibanda chenye kaunta moja kikiuza shehena ya supamaketi, kompyuta inashtuka. Hakuna mpokea msaada aliyeongezewa fomu hapo.

Takwimu inayopigiwa kelele ni nyingine kabisa. Mwaka wa fedha 2024, malipo yenye makosa yalikuwa asilimia 10.93. Humo wamo hata waliopunjwa! Mara nyingi kosa lenyewe ni ofisa aliyenukuu vibaya kodi ya nyumba, au kibarua aliyechelewa kuripoti kwamba saa zake za kazi zimeongezeka. Kuyaita yote hayo wizi ni kupotosha.

Sheria ya Julai 2025 inataka majimbo yenye makosa ya asilimia 6 au zaidi yachangie gharama za msaada kuanzia mwaka wa fedha 2028. Ni kweli, jimbo likiguswa mfuko litaajiri wakaguzi makini. Hofu yangu ni kwamba njia ya mkato ya kupunguza makosa ni kumrudisha kila mwenye karatasi pungufu, hata kama anastahili. Na kioja: majimbo yenye makosa makubwa zaidi yanaweza kuahirishiwa mchango huo.

Yule mama wa kaunta? Fidia ya serikali kuu kwa walioibiwa hivyo ilikoma kwa wizi uliotokea baada ya Desemba 20, 2024. Kama jimbo lake halina fungu lake lenyewe, anasubiri mwezi ujao.