Keki "isiyo na sukari" yenye kikombe kizima cha asali

Mapishi ya keki hii yamezunguka tena mitandaoni. Keki ya kahawia imekatwa vizuri, imepigwa picha karibu na dirisha, na juu yake maandishi makubwa: HAINA SUKARI, HAINA MAFUTA. Ukishuka kwenye mahitaji unakuta kikombe cha asali, tende kumi na mbili, ndizi tatu zilizoiva mpaka ganda likaota madoa meusi, na nusu kikombe cha mafuta ya nazi. Haina sukari! Ni sawa na mtu aliyetumbukia mtoni aseme hakulowa, ni maji tu yaliyomgusa.

Tuanze na hesabu, maana ubishi huu huisha kwenye mizani. Kikombe kimoja cha sukari nyeupe kina gramu 200. Kanuni inayorudiwa kila mahali inasema uitoe hiyo, uweke asali robo tatu ya kikombe. Sawa. Lakini asali ni nzito: robo tatu ya kikombe inakaribia gramu 255, na asilimia 82 hivi ya uzito huo ni sukari, kilichobaki karibu chote ni maji. Zidisha. Gramu 209. Umetoa gramu 200 za sukari, umerudisha 209, kisha umejipongeza. Na huyo wa kwenye picha hakuweka robo tatu, ameweka kikombe kizima.

Shirika la Afya Duniani halikuacha mwanya hapa. Mwongozo wake wa mwaka 2015 unahesabu asali, shira na juisi za matunda pamoja na sukari ya kijikoni, na unataka vyote kwa jumla visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, vikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50, na kwa kile kiwango bora, gramu 25. Sukari ya kahawia? Ni nyeupe iliyobakizwa au kurudishiwa molasi kidogo. Sukari ya nazi? Sehemu yake kubwa ni sukrosi, yaani sukari ileile ya kijikoni. Bei tu ndiyo imebadilika.

Haya, nikubali kidogo kwa shingo upande. Asali ina harufu yake, na inashika unyevu kuliko sukari, kwa hiyo keki yake haikauki upesi. Ukiipenda, itumie, ila kwa adabu: kwa kila kikombe cha sukari ulichotoa, punguza robo kikombe cha maziwa au maji, ongeza robo kijiko cha chai cha beking soda ili kutuliza asidi yake, na ushushe oveni nyuzi 15 za Selsiasi. Usiposhusha, fruktosi (sukari ya matunda) ya kwenye asali itababua ganda wakati katikati bado ni uji. Usiiite tu keki isiyo na sukari.

Tende nazo nitazipa heshima kidogo zaidi, kwa sababu ni tunda zima na nyuzinyuzi zake zinabaki humo. Toa kokwa, pima gramu 200, loweka kwa dakika 20 kwenye mililita 120 za maji ya moto, saga pamoja na hayo maji mpaka rojo lilainike. Tumia rojo hilo badala ya nusu ya sukari, si yote. Keki itatoka nzito na nyeusi, kwa hiyo liweke kwenye keki ya kakao au ya mdalasini. Kwenye keki nyepesi ya vanila litakuaibisha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia, kwa sababu halipigiki picha. Mbadala bora wa sukari ni sukari kidogo. Sukari ileile nyeupe ya kwenye kopo, ila ipunguzwe. Mapishi mengi ya keki za nyumbani yanastahimili kupunguziwa robo mpaka theluthi ya sukari, na mlaji hatagundua ukinyamaza. (Unyamaze kweli. Ukitangaza "nimepunguza sukari," kila mtu atapata ulimi wa bingwa wa kuonja.) Hakuna cha kuagiza, hakuna unga wa ajabu wa kununua, na labda ndiyo maana hakuna anayeitangaza.

Lakini kupunguza kuna elimu yake, na hapa ndipo watu wanapoharibu kisha wanalaumu wazo. Sukari kwenye keki haifanyi kazi ya utamu peke yake. Inavuta maji na kuyashikilia, na kwa kufanya hivyo inauzuia unga usifunge gluteni, ule utando wa protini unaovutika, kwa nguvu. Ndiyo ulaini huo. Inachelewesha yai kuganda na wanga kukaza, kwa hiyo keki inapata muda wa kupanda kabla ya kushikana. Chembe zake, ukizichapa na siagi, zinatoboa vijishimo vya hewa ambavyo beking poda itakuja kuvipuliza. Na ndiyo inayoleta rangi ya dhahabu. Ukitoa theluthi, kila moja ya kazi hizo inapungua, na kila moja ina dalili yake.

Keki imepanda mlima katikati na kupasuka juu? Imekaza mapema. Shusha oveni nyuzi 10, iache ipande taratibu. Imetoka rangi ya karatasi? Usiongeze muda kuisubiri iwe kahawia, utaikausha. Choma kijiti cha meno katikati: kikitoka na makombo mawili matatu yenye unyevu, itoe hivyo hivyo na weupe wake. Imekuwa kavu siku ya pili? Mara nyingine ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa kwa kila gramu 50 za sukari ulizotoa. Imekuwa ngumu, ya kutafuna? Umekoroga mno baada ya kutia unga. Sukari ikiwa kidogo gluteni haina wa kuizuia, kwa hiyo koroga mpaka usione unga mkavu, basi, weka mwiko chini. Na utamu wenyewe unaweza kuuazima: chumvi robo kijiko cha chai, vanila, maganda ya limau yaliyokunwa, iliki iliyotwangwa sasa hivi. Pua ikinusa iliki au vanila, ulimi unaongeza utamu wenyewe.

Penye mipaka niseme. Povu la weupe wa mayai lenye sukari huliwezi. Ukipunguza, linalia maji. Keki ya sifongo isiyo na mafuta, inayosimama kwa mayai na sukari tu, iguse kwa woga, sehemu moja ya kumi. Biskuti zikipunguziwa hazitandi kwenye trei na hazivunjiki kwa mlio. Zibonyeze kwa sehemu ya chini ya glasi kabla ya kuoka, ukubali zitakuwa laini. Mkate wa hamira, kinyume chake, hauhitaji sukari hata chembe. Hamira inapata chakula chake kwenye unga.

Vitamu visivyo na sukari vipewe aya moja fupi, inatosha. Stevia na sukralozi ni tamu mara mamia kuliko sukari, kwa hiyo ukiweka ncha ya kijiko, zile gramu 200 za ujazo zimekwenda wapi? Keki inabonyea. Aspatemi inapoteza utamu kwenye moto. Eritritoli ina ujazo, lakini keki ikipoa inarudi kuwa chembechembe na kuacha baridi mdomoni. Ksailitoli ni sumu kwa mbwa, hata kipande kidogo kilichoanguka sakafuni. Mwenye kisukari ana sababu zake na ana daktari wake. Hapa nasema na hao wengine.

Mafuta sasa. Yale ya mgando meupe ya kopo yalipendwa kwa sababu nzuri za jikoni: ni mafuta asilimia mia, hayana maji, yanashika hewa ukiyachapa, hayaozi upesi. Crisco, chapa ya mafuta hayo, ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1911 ilikuwa ni mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa kwa haidrojeni. Ubaya ni kwamba ugandishaji wa nusunusu unazaa mafuta ya transi, aina inayodhuru moyo, ambayo mwili hauna kazi nayo kabisa. Denmaki iliyawekea kikomo tangu 2003, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wito wa kuyaondoa duniani mwaka 2018. Kwa hiyo geuza kopo, usome mahitaji nyuma. Mbele ni matangazo. Ukiona mafuta ya mimea yaliyogandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu, rudisha rafuni. Makopo mengi ya siku hizi yamehamia mafuta ya mawese, ambayo hayana transi, ila karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha lehemu kwenye damu.

Na mafuta ya nazi, kipenzi cha kila anayeoka kwa afya? Zaidi ya asilimia 80 yameshiba. Siagi ni kama asilimia 51. Kuikimbia siagi ukajificha kwenye nazi ni kumkimbia paka ukaangukia kwa chui. Kwa ladha yanafaa, hilo sipingi, na yanaganda vizuri. Kwa afya ya mishipa, hapana.

Kinachofaa ni mafuta ya maji: alizeti, kanola, mzeituni laini. Alizeti ya kawaida ina kama asilimia 11 tu ya yaliyoshiba. Kosa la kwanza la watu ni kubadilisha gramu kwa gramu. Siagi ina mafuta asilimia 80 hivi, nyingine ni maji. Kwa hiyo gramu 100 za siagi zinabadilishwa na gramu 80 za mafuta (kama mililita 87) na kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maziwa. Ukitoka kwenye mafuta ya mgando, gramu 100 ziwe 85, kwa sababu mafuta ya maji yanaonekana mengi zaidi mdomoni. Ukisahau hili, keki inatoa jasho la mafuta chini ya karatasi.

Kosa la pili ni kuyachapa na sukari ukingoje yawe meupe. Utangoja mpaka kesho. Mafuta ya maji hayashiki hewa, hewa lazima itoke kwenye mayai. Chukua ile keki ya kizamani, unga gramu 225, sukari 225, siagi 225, mayai manne, uigeuze hivi: sukari 150, mafuta ya alizeti gramu 150 (mililita 163), mtindi mililita 100, unga na mayai vilevile, beking poda vijiko viwili vya chai. Piga mayai na sukari kwa mashine dakika tano, mpaka ukiinua mchapo utepe ubaki juu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama. Mimina mafuta kama uzi, mashine ikiendelea. Kisha mtindi. Unga na beking poda chekecha juu kwa mafungu mawili, kunja kwa mwiko. Bati la sentimita 20, nyuzi 170, anza kupima kwa kijiti dakika ya 40.

Ukikata vipande 12, sukari imeshuka kutoka gramu 18.75 kwa kipande hadi 12.5, na mafuta yaliyoshiba, yale ya siagi peke yake, kutoka karibu gramu 10 hadi gramu moja na kidogo kutoka kwenye alizeti. Nishati haijashuka hivyo, usidanganyike: gramu ya mafuta ni kilokalori 9, ya maji au ya mgando. Faida nyingine ni kwamba keki hii haigeuki jiwe kwenye friji.

Ndizi, tufaha lililopondwa, parachichi? Badala ya nusu ya mafuta, hapo zinafaa. Badala ya yote, unapata raba, na sababu ni rahisi: tufaha ni maji asilimia 85, ndizi 75, na maji yakikutana na unga bila mafuta ya kuukinga, gluteni inajifunga inavyotaka. Parachichi lina mafuta yake, kama asilimia 15, ila lifiche kwenye kakao, la sivyo mtakula keki ya kijani.

Kwa gamba la pai na biskuti za tabaka sina mbadala wa maana. Mafuta ya maji hayatengenezi tabaka, yanatengeneza makombo. Tumia siagi baridi, uoke mara chache.

Halafu kuna krimu. Mtu amepima, amepunguza, ameweka alizeti, kisha anachapa siagi gramu 250 na sukari laini gramu 500, kama kanuni inavyosema, anaipaka juu na pembeni. Gawanya kwa vipande 12: karibu gramu 42 za sukari kwa kila kipande, zaidi ya mara tatu ya iliyomo kwenye keki yenyewe. Chuja mtindi mzito kwa kitambaa usiku kucha kwenye friji, asubuhi koroga na kijiko kimoja cha sukari laini na vanila, paka muda mfupi kabla ya kula kwa sababu hautasimama meza nzima. Au nyunyiza hicho kijiko kimoja kwa chujio, keki ikiwa imepoa kabisa. Ikiwa na joto sukari inayeyuka na kupotea, na mtaanza kuongeza kingine.