Desemba si ya wenye mbuzi peke yao

Mwandishi wa makala moja kuhusu bei za Desemba analaumu wanaorudi Kilimanjaro kula Krismasi kwamba ndio wanaopandisha bei ya mbuzi na ndizi. Kwa mbuzi namuunga mkono. Mtu akishuka kwenye gari lenye vumbi la Dar, muuzaji anaangalia viatu kwanza, bei inafuata. Lakini mwandishi huyo aende gulioni Mwika au Himo, hukohuko Kilimanjaro, wiki mbili kabla ya sikukuu, amuulize fundi cherehani. Kazi mpya hapokei tena. Ukichelewesha kitambaa chako utaingia kanisani na mtumba (na hakuna ubaya). Kina mama wa ulezi nao wanauza kwelikweli, maana mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya sikukuu haipikwi siku moja. Wengi wao wiki hizi ndizo zinazolipia sare na madaftari ya Januari.

Kinachonikera mimi ni nauli. LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada, sawa. Ila pale stendi mpiga debe anakutajia bei yake, unalipa, halafu tiketi unayopewa imeandikwa nauli elekezi, ile rasmi iliyo chini ya uliyolipa. Hilo lilistahili makala nzima, si mbuzi.