Kioo cha pili dirishani kwa joto hili la Tanga, kinalipa kweli?

Jirani yangu hapa Chumbageni anataka kuweka kioo cha pili kwa ndani kwenye madirisha yote ya nyumba yake. Wazo kapewa na mdogo wake aliyeko Uingereza, ambako watu wanafanya hivyo ili joto la ndani lisitoke, sasa anaona na kwetu itasaidia ubaridi wa AC usitoke na luku isikimbie.

Wazo lenyewe siyo la uongo. Kioo kimoja cha kawaida, kwa kila mita ya mraba, kinapitisha kama wati 5.7 kwa kila digrii ya tofauti kati ya nje na ndani, ukiongeza cha pili ukaacha nafasi ya sentimita 2 hivi, ile hewa iliyotulia katikati inapunguza karibu nusu. Lakini kwao wakati wa baridi nje digrii 2 ndani 20, tofauti 18, tena usiku na mchana. Sisi mchana wa kaskazi nje 32, AC umeweka 24, tofauti 8 tu na usiku inashuka zaidi. Kwa dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 unaokoa kama wati 40 za joto, ambazo AC inaziondoa kwa umeme wa wati 13 au 14, yaani hata ukiwasha masaa 10 kila siku mwezi mzima ni kama uniti 4 kwa dirisha. Linganisha na bei ya aluminiamu na kioo.

Alafu jua, hapa ndo penyewe. Kioo cheupe kimoja kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua, viwili bado vinapitisha kama robo tatu. Dirisha hilo hilo likiangalia magharibi, jua la saa kumi linaweza kuingiza wati 700 na zaidi, na likishapasha sakafu na makochi kioo hakiliachii litoke kirahisi. Pazia la ndani limeshachelewa, jua inabidi ulizuie nje: kibaraza, shata za mbao, mwarobaini, hata turubai. Majengo ya enzi za Mjerumani pale mjini yana varanda pana kwa sababu hiyo hiyo.

Ila siwezi kusema hakifai kabisa. Mwenye madirisha ya luva na AC anapoza barabara, maana luva hazizibi hata ufanyeje, huyo shiti ya akriliki ya kubandika kwa sumaku itamsaidia sana. Na kelele pia, nesi wa shifti ya usiku anayelala mchana huku bodaboda zinapita atanishangaa nikimkataza, kwake nafasi kati ya vioo iwe kama sentimita 10. Na nyumba ikiwa Lushoto ningeongea tofauti, baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba siyo ya huku.

Kwa jirani naona aanze na kivuli upande wa magharibi na raba za kuziba mianya ya slaidi, kioo cha pili akitaka sana basi chumba cha AC tu, sebule aiache ipate upepo wa kusi. Na fremu hiyo ya ndani iwe ya kufunguka, maana chumvi na vumbi vitaingia tu katikati, na umeme ukikatika saa nane usiku lazima dirisha lifunguke.