Njoo Kesho, UConn Wanacheza

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni, na mnavyotusema najua. Kwamba fundi akikwambia Ijumaa, hajasema Ijumaa ya mwezi gani. Kwamba kitambaa cha mita tatu kikiingia kwa fundi linatoka gauni la mita mbili na nusu, halafu Jumapili mtoto wa fundi anaonekana na kaptula ya rangi ileile. Hilo la kaptula silijibu. Ila hili la kuchelewesha, sasa ni Oktoba 2025 na kuanzia mwezi ujao nina sababu, na sababu yenyewe iko Connecticut, Marekani.

Tarehe 3 Novemba UConn, timu yangu ya kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Connecticut, wanafungua msimu wa 2025/26 na New Haven, nyumbani kwao Storrs, kwenye ukumbi wa Gampel. Wiki hii waandishi wa shirika la habari la Associated Press wametupanga namba 4 kwa nchi nzima, nyuma ya vyuo vya Purdue, Houston na Florida. Nimeenda nayo kijiweni hiyo habari, nimeipeleka motomoto na vikombe vya kahawa. Muuza kahawa akaniuliza, "Namba 4 kwenye ligi gani, fundi?" Nikamwambia mpira wa kikapu wa vyuo. Akaniuliza tena, "Vyuo vya ufundi?" Hapo wenzake wanabishana Simba na Yanga tangu asubuhi, mate yanaruka mpaka kwenye kashata, lakini mwenye kichaa ni mimi.

Chanzo cha yote ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, mita 2.21. Kwa fundi hiyo ni hesabu nyingine kabisa: suruali yake moja unakata suruali za watu wawili na kofia juu. Mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, kumbe ndiyo nami nimeingia. Nilikuwa nalipia intaneti kafe kwa nusu saa ili nione tu jana kazuia mitupo mingapi. Machi 2009 wakacheza na Syracuse mpaka muda wa nyongeza mara sita, rudia, mara sita, tukafa 127 kwa 117. Nusu saa yangu iliisha nikiwa bado nasoma nyongeza ya tatu, ikabidi niongeze hela. Mwaka huohuo Memphis Grizzlies wakamchukua NBA, ligi ya kulipwa, wa pili kuchaguliwa kwa nchi nzima, kabla ya James Harden, kabla ya Stephen Curry. Msiniangalie hivyo. Siku ile hata nyie mngeshangilia.

Sasa Thabeet akaondoka zake. Mimi nikabaki. Ni kama mtu aliyeoa, mke akaondoka, yeye akaendelea kuishi kwa wakwe na kuchangia misiba yao.

Siyo kwamba wakwe ni wabaya. Ubingwa 1999, 2004, 2011, 2014, halafu 2023 na 2024 mfululizo. Ile miwili ya mfululizo tulicheza mechi 12 za mtoano, na hakuna hata moja tuliyoshinda kwa chini ya pointi 13. Miaka ile miwili nililala vizuri, nikashona vizuri, wateja wakawa wanasema siku hizi fundi kabadilika. Msimu uliopita ukaja.

Novemba 2024 timu ikaenda Maui, kisiwa cha Hawaii, kwenye jua. Siku tatu, mechi tatu, tukafungwa zote. Chuo cha Memphis 99 kwa 97, muda wa nyongeza. Colorado 73 kwa 72. Dayton hawakutuonea hata haya, 85 kwa 67. Kwenye ile ya Memphis kocha wetu, Dan Hurley, alipinga faulo mpaka akaanguka chali, mtu mzima kalala sakafuni kama mtoto aliyenyimwa ice cream, akapigwa faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu. Mimi wiki hiyo nilikuwa na mashati ya kamati ya harusi, kitenge kimoja, watu kumi na wanne. Nilishona usingizini. Shati la mwenyekiti nililiwekea mikono miwili, yote ya kushoto. Akalivaa hivyohivyo kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na picha ipo: mkono mmoja umekaa sawa, mwingine umegeukia nyuma kama anasimamisha daladala iliyompita. Hela yangu iliyobaki hajalipa mpaka leo, na kila nikipita kwake ananinyooshea ule mkono.

Ugonjwa wa timu ile niliuona mapema, sema sikuulizwa. Hatukuwa na mchezesha timu wa kueleweka, yule wa kugawa mpira na kupanga mashambulizi. Timu isiyo na mchezesha timu ni gauni lililoshikizwa kwa pini: ukisimama umependeza, ukipiga hatua tatu pini zinakuchoma. Na ulinzi wetu ulikuwa wa faulo faulo, mtu akipitwa anashika nguo. Tukamaliza na mechi 24 za kushinda na 11 za kufungwa, na mwezi Machi, kwenye mtoano wa ubingwa, tukakutana na Florida.

Hiyo ya Florida niacheni niiseme, nisipoisema itanitokea vipele. Ilikuwa Ramadhani. Safari hii mechi inachezwa muda wa watu wenye akili, ndiyo kwanza tumetoka kufuturu. Nimekaa, uji wa pilipili manga mkononi, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, hata mama watoto kakaa. Kipindi cha pili tunaongoza. Nikajisemea leo dunia imekumbuka kwamba na mimi ni mtu. Umeme ukakatika. Sawa, simu ina chaji. Chaji asilimia nne. Sawa, nne inatosha. Bando likaisha. Nikatoka nje na ndala moja kutafuta vocha, duka la kwanza limefungwa wako tarawehe, la pili mwenye duka hana chenji, ananiambia chukua na kiberiti. Narudi na vocha na viberiti viwili, 77 kwa 75, tumetolewa. Walter Clayton wa Florida alikuwa ametumaliza kwa mitupo yake ya pointi tatu. Florida wenyewe wakaenda wakachukua kombe. Viberiti bado ninavyo.

Na hapo ndipo mama watoto alipopata silaha. Aprili timu ya wanawake ya UConn, hiyohiyo UConn, ikaichapa South Carolina 82 kwa 59 kwenye fainali. Ubingwa wa 12. Wanaume sita, wanawake 12. Sijui nani alimwambia. Sasa kila nikivaa jezi ananiuliza, "Baba nanihii, leo wanacheza wale wenye makombe au wale wa kwako?" Jezi yenyewe nayo ina kesi. Nembo yao ni mbwa, aina ya husky, wale wa kuvuta sleji kwenye barafu. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisema haianikwi kamba moja na kanzu. Nimeifungia kamba yake peke yake, pale nyuma, karibu na choo.

Haya, tuongee timu ya mwaka huu, maana hapa ndipo presha inaponipanda.

Alex Karaban kabaki. Huyu ana ubingwa wote wawili, wa 2023 na wa 2024, angeweza kwenda zake kutafuta NBA, kasema anarudi tena. Karaban ni shati la kaki. Siku ya kwanza hulioni uzuri wake, mwaka wa nne unagundua ndilo unalovaa kila siku. Solo Ball naye yupo. Ndiyo, Ball, Mpira, ndilo jina la familia. Kijiweni walikataa katakata, wakasema natunga. Ukichanganya na hilo la kwanza ni kama Mpira Peke Yangu, jina la mtu asiyetoa pasi, na kweli akiwa nje ya mstari wa pointi tatu pasi usiisubiri. Mimi namruhusu. Chini ya kikapu yuko Tarris Reed, na nyuma yake wameleta Mjerumani mmoja mrefu, Eric Reibe, mita 2.16, nikimtazama naona tu mita za kitambaa.

Mtu wa kunifanya niamke usiku ni Silas Demary, katoka Georgia. Mchezesha timu! Mrefu, anakaba, anajua mpira uende wapi. Pini tumetoa, sasa tunashona kwa uzi. Na msaidizi wake ni Malachi Smith, ambaye katoka wapi? Dayton. Dayton walewale wa Maui. Mtu kakuharibia harusi, mwaka unaofuata unamkuta ndiye shemeji yako anakata keki. Nimemsamehe, kwa masharti.

Halafu kuna kijana Braylon Mullins kutoka Indiana, mwaka huu ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa shule za sekondari za jimbo lile, na lile ni jimbo ambalo kikapu ni kama ubwabwa kwenye shughuli, hakikosekani. Huyo sitaki kumzoea. Msimu uliopita nilimzoea Liam McNeeley, nikamfundisha mpaka mwanangu wa mwisho kutamka, mwaka haujaisha kaenda NBA. Siku hizi vyuo ni stendi, watu wanashuka na kupanda. Na wanalipwa. Tangu Julai 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, jumla mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka huu wa kwanza. Wanafunzi hao! Mimi nina wangu yuko chuo mwaka wa pili, wiki iliyopita kanipigia simu kwamba hana hela ya kutoa kopi. Nikamuuliza anacheza mchezo gani. Akasema draft.

Ukiniuliza kocha, nitakwambia yule mtu simwelewi na nampenda. Mwaka jana, Juni, Lakers wa NBA walimwekea mezani miaka sita na dola milioni 70 kama ilivyoandikwa, akakataa, akabaki Storrs kwenye baridi. Nikamhadithia mama watoto kwa fahari, kwamba unaona, kuna watu wana misimamo. Akasema, "Hata wewe ulikataa kazi ya kiwandani kwa sababu ya zamu ya usiku. Sasa kila usiku uko macho bure." Sikumjibu, nilikuwa natunga uzi kwenye sindano.

Tena Hurley ana boksa ya bahati. Siwasingizii, lilishasemwa hadharani: ina michoro ya majoka, na timu ikiwa inashinda inavaliwa hiyohiyo. Hapa kwetu mambo kama hayo yana kamati ya ufundi, yana bajeti, yana mzee wa kutoka mbali analala hotelini. Kule mtu mmoja na boksa yake, ubingwa mara mbili. Ningepewa mimi ningeipitishia ovaloki, maana kwa kufuliwa kule mishono itakuwa imechoka.

Tatizo ni ratiba. Marekani wakirudisha saa nyuma Novemba, mechi ya saa moja usiku kwao ni saa tisa usiku Magomeni. Ya saa tatu usiku ni saa kumi na moja alfajiri, mpira unarushwa na muadhini anaadhini. Na safari hii wametupangia watu wazima watupu. BYU kule Boston tarehe 15 Novemba. Arizona tarehe 19. Illinois tarehe 28, Madison Square Garden, New York. Kisha Desemba 2 tunakwenda Kansas, Allen Fieldhouse, jumba la tangu 1955 lenye watu zaidi ya elfu kumi na sita wanaopiga kelele kama paa linadaiwa. Na tarehe 9 Desemba, Florida! Walewale! Nilipoiona tarehe nilishukuru, ni Sikukuu ya Uhuru, nitakesha, nilale mchana. Nikaja kupiga hesabu ya saa, usiku wao wa tarehe 9 kwetu ni alfajiri ya tarehe 10. Sikukuu imekwisha, watu wanataka nguo zao.

Kwenye Big East yenyewe, ligi ya kundi letu la vyuo, simhofii mtu isipokuwa Rick Pitino, kocha wa St. John's. Ndio mabingwa wa Big East wa msimu uliopita, na sisi walitupiga nyumbani na ugenini. Yule mzee ana suti nyeupe anayoitoa siku maalumu, na kama fundi nasema kweli, huwezi kumdharau mwanamume wa zaidi ya miaka 70 anayekaa karibu na wachezaji wanaotoka jasho akiwa na suti nyeupe. Suti nyeupe haifichi uzi, haifichi mshono, haifichi hata ulichokula.

Mimi naona Aprili tuko Indianapolis, kwenye zile timu nne za mwisho za ubingwa. Demary asipoumia na Karaban asipochoka. Nimeshanunua betri ya akiba, nimejifunza kujiunga bando la usiku kabla ya saa sita, na chaja nimeificha mwanangu asiione.

Jana kaja dada mmoja na satini, gauni la msimamizi, harusi ni Desemba 6. Nimempima, nimeandika vipimo, akasema ataifuata tarehe 3. Nikamwambia tarehe 3 haiwezekani kabisa, asubuhi hiyo nitakuwa sijalala, ni mambo ya Kansas. Akashusha sauti, "Masikini. Kansa? Ni mtu wako wa karibu?"

Nilitaka kumrekebisha. Kweli nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshika mkoba, anatoa elfu tano nje ya hela ya kushonea, anasema fundi usiwe na haraka, hata tarehe 5 jioni nitakuja.

Nikamwambia tunamwombea tu, tangu mwaka jana hali haikuwa nzuri, ila sasa wamempatia mchezesha timu.