Vipande Kumi vya Mkate

Mnielewe kwanza: mimi si mtu wa kuchokora vitu vya wenyewe. Nimelelewa Mombasa na mama ambaye akishakutuma kusafisha, hupitisha kidole nyuma ya jiko, halafu anakuonyesha kile kidole bila kusema neno. Kwa hiyo nilipopata kazi Brooklyn ya kumtunza bibi mmoja wa Kiyahudi, miaka 84, nikaambiwa Pasaka yao inakaribia na jiko lazima lisafishwe barabara, nilicheka kimoyomoyo. Kusafisha? Mimi?

Adui anaitwa khametsi. Hiyo kh ni ya kooni, kama ya kheri, na bibi alifurahi kweli kuona naitamka bila kukohoa. Khametsi ni kitu chochote cha ngano, shayiri au jamaa zao kilichokutana na maji kikaachwa kiumuke. Unga ukilowa ukatulia dakika 18 bila kuokwa, basi umeshaharibika. Ndiyo sababu mkate wao wa sikukuu, matsa, ni mkavu kama ubavu wa boksi. Nimeula, najua ninachosema. Na kutokula khametsi hakutoshi. Haitakiwi hata kuwemo nyumbani kwa siku zote 8. Nilitoa chembe moja ya mkate kwenye bawaba ya friji kwa kijiti cha meno. Bibi akavaa miwani, akaikagua, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

Siku tatu tulipigana na lile jiko. Sufuria ya mwaka mzima ukitaka kuitumia Pasaka, unaiacha saa 24 bila kuigusa, kisha unaijaza maji pomoni. Yakitokota, unatumbukiza jiwe la moto ili yafurike yaoshe mdomo wa sufuria mpaka nje, halafu unasuuza kwa maji baridi. Jiwe! Kwetu mama anayepika mawe ni yule wa kisa cha Sayyidna Omar, anawazuga wanawe walale na njaa. Mimi nimepanda ndege mbili kuja Marekani kupasha jiwe kwenye jiko la gesi.

Oveni ikawashwa moto wa mwisho hadi kengele ya moshi ikalia. Meza zikavishwa foili, jiko zima likang'aa kama sanduku jipya la bati. Vyombo vya kawaida, seti ya nyama na seti ya maziwa, kwani hawachanganyi viwili hivyo, vikafungiwa kabatini kwa utepe. Seti nyingine mbili za Pasaka zikashushwa. Unga wangu wa chapati niliupeleka kwa rafiki yangu anayekaa Queens, na mchele nao ukafuata, kwani Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki hawali wali wala maharage wala mahindi Pasaka nzima. Wenzao wengi waliotoka nchi za Kiarabu wanakula wali kama kawaida. Nilimwambia bibi amekosea ukoo.

Sasa sikilizeni. Mchana wa siku ya mwisho, bibi kalala, mimi napitisha mashine ya kuvuta vumbi mara ya mwisho kabisa. Nyuma ya picha ya marehemu mumewe nikaona kikaratasi kimekunjwa. Nakifungua: kipande cha mkate, hakifiki hata punje ya zeituni.

Nikasema labda kimesahaulika. Kingine ndani ya kiatu. Kingine chini ya mto wa kochi. Kingine nyuma ya redio, kimefungwa vizuri kabisa, kwa upendo.

Moyo ukanishuka. Nilishasikia kwamba wazee walioonja njaa utotoni huficha chakula uzeeni. Na mwanawe alikuwa ameshaanza kuzungumzia makao ya wazee. Akija akakuta mama yake anaficha mikate kwenye viatu, tena usiku wa kuamkia Pasaka, si basi tena? Nikaapa kwamba siri hii itakufa na mimi. Nikavikusanya vyote, nikavitia mfuko wa sweta, nikamtengenezea bibi chai akiwa bado amelala. Maskini bibi wa watu.

Giza lilipoingia akafika mwanawe na mkewe na watoto watatu. Wakazima taa. Wakawasha mshumaa, wakatoa unyoya, kijiko cha mbao na mfuko wa karatasi, wakasoma dua. Nikapewa kushika sinia la mshumaa. Watoto wakakimbilia kwenye picha ya babu. Hamna kitu. Bibi akacheka, "Tafuteni vizuri!" Kwenye kiatu, hamna. Chini ya mto, hamna. Bibi akachomoa orodha kifuani, vituo kumi, vimeandikwa kwa mkono wake. Tukazunguka vyote, jikoni mara tatu, na mimi nyuma yao na sinia.

Mwanawe akamwangalia mama yake kwa upole mmoja ambao sikuupenda. "Mama, una hakika uliviweka?"

Hapo ndipo nilipong'amua. Ni mchezo! Wanavificha makusudi ili msako usiambulie patupu. Na khametsi wanayoisaka kwa mshumaa inawafuata nyuma, imevaa sweta.

Nikatia mkono mfukoni, nikavimwaga mezani.

"SI JUU YA FOILI!" Bibi wa miaka 84, sijawahi kumsikia akipiga kelele vile.

Foili ikang'olewa. Vikahesabiwa. Tisa.

Rabi akapigiwa simu. Alicheka mpaka mwanawe bibi akaisogeza simu mbali na sikio. Akasema wahenga wao katika Talmudi, kitabu chao cha kale cha sheria, walishalijadili hilo, mtu aliyeweka kumi akapata tisa, tena wamemjadili hadi panya aliyeingia ndani na mkate. Tafuteni tena, akasema. Saa tano usiku mfuko wa mashine ya vumbi ukapasuliwa ndani ya beseni la kuogea, na unyoya ukakiibua kipande cha kumi, kimevaa vumbi kote kama kaimati iliyogaragazwa kwenye sukari. Asubuhi vikachomwa vyote kumi uani, pamoja na ule mfuko wa vumbi. Na mimi watoto wakanipa jina: Panya.

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya Pasaka, bibi akaniomba nimfundishe maneno mawili matatu ya Kiswahili. Nikafurahi. Nikamwandikia aliyoyataka, tukayarudia kwenye chai mpaka akayashika.

Siku ya mwisho nikapangusa nyuma ya picha ya babu. Kikaratasi kipo, na juu yake, kwa wino mweusi na mkono unaotetemeka: SI UCHAFU. USIGUSE, PANYA.